GARI DOGO LENYE MBIO: KULINUNUA NI SIKU MOJA, KULITUNZA NI KILA MWEZI



Kwa muda sasa tumekuwa tukiulizwa swali moja na wanachama vijana, wengi wao mafundi wa viwandani na madereva wa matrekta mashambani. Wanataka kujua ni lipi lililo bora kati ya yale magari madogo ya zamani yenye mbio, yaliyoandikwa nyuma GTI, GT au Turbo, na kama mtu wa mshahara anaweza kuwa nalo. Tulikuwa tukiliacha swali hilo kando kwa kuliona ni la anasa. Tumebadili mawazo baada ya yaliyompata mwenzetu mmoja.

Mwenzetu huyo ni fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Alichukua mkopo wa miaka mitatu katika chama cha akiba na mikopo, akanunua Toyota Starlet yenye turbo. Gari lilitembea miezi saba. Tangu hapo limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, naye kila mwisho wa mwezi anakatwa mshahara kwa ajili ya kitu kisichotoka uani. Tulipomtembelea hakulalamika. Alifungua boneti, akatuonyesha injini aliyoipangusa mpaka ikang'aa, akasema: "Karatasi iliniambia nguvu farasi 135. Mengine haikuniambia."

Makala hii inahusu hayo mengine. Lakini kwanza tueleze mbio zenyewe, maana wanachama wameuliza, na haifai kumkataza mtu jambo ambalo hujamweleza.

Lilivyoanza

Gari lililofungua njia ni Volkswagen Golf GTI ya Ujerumani. Golf ya kawaida ilitoka mwaka 1974, wakati kampuni ilikuwa taabani. Mwaka huo peke yake ilipata hasara ya marki milioni 807, na mwaka 1975 ukaja mpango wa kupunguza wafanyakazi wapatao 25,000, wengi wao wakilipwa fidia ili waondoke wenyewe. Katika hali hiyo, wahandisi wachache walikuwa wakitengeneza Golf ya mbio pembeni, nje ya kazi zao rasmi. Wakubwa walipokubali, walitarajia kuuza magari 5,000 tu.

GTI ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1975, ikaanza kuuzwa mwaka 1976 kwa marki 13,850. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, yenye nguvu farasi 110 na mtambo wa Bosch wa kupulizia petroli badala ya kabureta. Ilifika kilomita 182 kwa saa, na kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ilichukua kama sekunde 9. Siku hizo mbio za namna hiyo zilikuwa za magari ya matajiri. Hili lilikuwa gari la familia: lina viti vya nyuma, na mlango wa nyuma unaofunguka juu pamoja na kioo, ukapakia gunia. Badala ya 5,000, magari ya umbo hilo la kwanza yaliyoundwa yalizidi 460,000.

Wafaransa wakajibu. Peugeot 205 ilitoka mwaka 1983, na GTI yake mwaka 1984, ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu farasi 105. Mwishoni mwa 1986 ikaja ya lita 1.9 yenye nguvu farasi 130, na breki za diski nyuma na mbele. Hiyo ilipita kilomita 200 kwa saa, na ilifika kilomita 100 kwa sekunde 8 hivi.

Renault nao, kampuni iliyokuwa mali ya serikali ya Ufaransa tangu 1945, walileta Renault 5 GT Turbo mwaka 1985. Walichukua injini ya chuma ya lita 1.4, ya ukoo ulioanza mwaka 1962, wakaifungia turbo ikatoa nguvu farasi 115. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi na kusukuma hewa nyingi ndani ya injini. Dereva wa gari hilo alikanyaga mafuta akasubiri kidogo, kisha nguvu zikaja zote kwa pamoja.

Siri ni uzito

Wengi hudhani siri ya magari haya ni injini. Injini ni nusu ya habari. Chukua wapagazi wawili wenye nguvu sawa. Mmoja mpe gunia moja la kahawa, mwingine mpe mawili. Huna haja ya saa kujua nani atafika ghalani mbele.

Golf ile ya 1976 ilikuwa na uzito wa kilo 810 tu, kwa hiyo kila farasi mmoja alivuta kilo 7.4. Katika 205 ya lita 1.6, farasi mmoja alivuta kilo 8 hivi, na katika ile ya lita 1.9 alivuta kilo 6.8. Katika Renault alivuta kama kilo 7. Golf GTI ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2020, ina nguvu farasi 245, zaidi ya mara mbili ya babu yake. Lakini uzito wake umepita kilo 1,400, kwa hiyo farasi mmoja bado anavuta kilo zinazokaribia 6. Farasi wameongezwa wengi, na mzigo nao ukaongezwa.

Kwa uendeshaji, walioyaendesha husema Golf ilikuwa nyepesi kuielewa na yenye kumsamehe dereva. 205 ilishika kona kuliko zote, lakini haikutaka woga: ukiondoa mguu ghafla katikati ya kona, sehemu ya nyuma ilitaka kupita mbele. Renault ilikuwa kali kwenye njia iliyonyooka, na yenye karaha ikisimama kwenye joto, kwa kuwa petroli ilichemka kwenye kabureta na injini ikagoma kuwaka hadi ipoe. Kwa mbio tupu tungechagua 205 ya lita 1.9. Kwa mtu atakayeamka nalo kila siku kwenda kazini, tungechagua Golf.

Tukumbuke pia kwamba wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Bati lilikuwa jembamba, milango haikuwa na vyuma vya kumkinga mtu, na hakukuwa na mifuko ya hewa. Ajali ambayo leo dereva hushuka akachechemea, katika magari hayo hakushuka.

Walioyaunda

Magazeti ya magari huandika sana juu ya waliochora magari haya, na huandika kidogo juu ya waliokaza bolti. Sisi tuseme maneno mawili.

Peugeot 205 iliiokoa kampuni yake iliyokuwa katika madeni. Yaliundwa zaidi ya milioni tano hadi mwaka 1998. Kiwanda kimoja kikubwa cha gari hilo kilikuwa Mulhouse. Mwezi Septemba 1989 wafanyakazi wa Mulhouse na wa Sochaux waligoma, wakidai nyongeza ya faranga 1,500 kwa mwezi. Kampuni ilisema haina uwezo huo. Wakati mgomo ukiendelea, gazeti la Le Canard enchaîné lilichapisha karatasi za kodi za mkuu wa kampuni, Jacques Calvet, zikionyesha kuwa mshahara wake ulipanda kwa asilimia 45.9 kati ya 1986 na 1988. Mgomo ulichukua kama majuma saba. Waandishi wa habari ile walishtakiwa wakatiwa hatiani Ufaransa, na mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba haki yao ya kusema ilivunjwa.

Huku Afrika, Golf iliundwa Uitenhage, Afrika Kusini, mji ambao tangu 2021 unaitwa Kariega. Mwaka 1980, chini ya utawala wa ubaguzi, maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma wakidai randi 2 kwa saa. Vyama vya wakati ule ndivyo vilivyokuja kuungana na kuzaa NUMSA mwaka 1987. Umbo lile la Golf ya 1974, lililoachwa Ulaya, liliendelea kuundwa Uitenhage kwa jina la Citi Golf kuanzia 1984 hadi 2009, na likawa gari la kwanza la wafanyakazi wengi wa nchi hiyo. Halikuwa la sifa kubwa kama GTI, lakini spea zake zilipatikana, na kila fundi alilijua.

Yaliyowapata wenye kuyamiliki

Kwa upande wa umilikaji, Uingereza inatupa somo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magari haya yalikuwa yakiibwa kirahisi mno, kwa kuwa makufuli yake yalikuwa dhaifu na vijana wakayatamani. Mwaka 1991, katika mtaa wa Blackbird Leys mjini Oxford, vijana walikuwa wakileta magari ya wizi usiku na kuyachezesha barabarani mbele ya watazamaji. Mtaa huo uko jirani na viwanda vya magari vya Cowley, vilivyokuwa vimepunguza kazi sana. Baba aliunda magari; mtoto asiye na kazi aliiba moja akalizungusha hadi tairi zikatoa moshi. Polisi walipoingia kuzuia, zikatokea ghasia. Mwaka 1992 ikatungwa sheria kali juu ya wizi wa namna hiyo.

Makampuni ya bima nayo yakapandisha malipo. Kijana wa kiwandani aliyemudu bei ya gari alishindwa na bima yake, akaliuza. Magari mengi yakaishia kwenye miti na kwa wauza vyuma chakavu. Yaliyosalia yamekuwa machache, na kwa hiyo ghali. Leo 205 GTI iliyotunzwa vizuri huuzwa Uingereza kwa makumi ya maelfu ya pauni, ikakaa ndani ya banda imefunikwa shuka. Gari lililosifiwa kwa kumpa mtu wa kawaida mbio za tajiri limerudi kwa tajiri.

Upande wa ufundi, kila moja lina ugonjwa wake. Golf hushikwa na kutu, na mtambo wake wa kupulizia petroli, ingawa hauna kompyuta na fundi mvumilivu anaweza kuuelewa, hautaki petroli chafu. 205 huchakaa beringi za ekseli ya nyuma. Zikiachwa, ekseli nzima huharibika. Renault huua turbo ikiwa oili haibadilishwi kwa wakati, au dereva akizoea kuzima injini ghafla baada ya mwendo mkali.

Kwetu sisi

Katika nchi zetu magari hayo ya Ulaya ni adimu. Tena Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15. Kwa hiyo gari la aina hii utakalouziwa ni lile lililokwisha kuwamo nchini na kupita mikononi mwa wengi.

Aghalabu litakuwa Starlet. Toyota waliunda Starlet GT Turbo kuanzia mwisho wa 1989, injini ya lita 1.3 yenye nguvu farasi 135, na baadaye Glanza V, hadi Starlet zilipokoma mwaka 1999. Ni gari jepesi na hodari, na katika kulinganisha kwetu halishindwi na yale ya Ulaya. Shida ni kwamba Starlet ya kawaida ina spea kila duka, lakini turbo na vifaa vyake si spea za Starlet ya kawaida. Hapo ndipo mwenzetu alipokwama. Turbo ilipokufa, bei ya nyingine ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa miezi miwili, na mkopo ulikuwa bado haujafika robo.

Basi kwa anayetamani, tunashauri hivi. Kwanza, namba za kwenye karatasi ni za gari jipya. Hili lako lina miaka thelathini. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Waambie waliwashe likiwa baridi, uangalie moshi: wa buluu ni oili inayoungua. Tazama kutu chini ya zulia, na uhakikishe namba ya injini inalingana na ya kadi. Pili, uliza bei ya turbo, mkanda wa taimingi, breki na tairi nne kabla hujauliza bei ya gari. Tatu, usilipe fedha zako zote kwenye ununuzi. Kama huwezi kubakiza theluthi kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, nunua ile ya kawaida isiyo na turbo.

Hatusemi mfanyakazi hana haki ya kupenda kitu kizuri. Anayesimama zamu ya usiku mbele ya mashine, au anayechuma chai toka umande haujakauka, ana haki ya furaha kama mwenye kiwanda. Tunasema tu kwamba furaha hiyo isije ikamrudisha kwa mkopeshaji.

Mwenzetu bado ana miezi kumi na minne ya kukatwa. Wanachama watatu wa tawi lake, wote mafundi, wamekubaliana kwenda kwake Jumapili na kuondoa turbo, wamfungie injini ya Starlet ya kawaida waliyoipata kwa bei nafuu. Mbio zitapungua. Lakini gari litatoka uani, naye ataenda nalo kazini.