Nguruwe na Ugonjwa wa Kifafa

Ndugu msomaji, labda katika kijiji chako yuko mtu anayeanguka. Anafanya kazi yake vizuri, anaongea na wenzake, kisha ghafula macho yake yanageuka, anaanguka chini, mikono na miguu inatetemeka, povu linatoka kinywani. Baada ya dakika chache anaamka, amechoka, wala hajui yaliyompata. Tazama mikono yake na uso wake. Mara nyingi utaona makovu ya moto, kwa maana siku moja alianguka jikoni na hakuna mtu aliyemwondoa.

Kwa sababu gani hakuna mtu aliyemwondoa? Kwa sababu watu wanaogopa lile povu. Wanasema, "Ukiligusa, nawe utaanguka." Wengine wanasema ni pepo, wengine wanasema jirani amemloga. Basi anapewa sahani yake peke yake, mtoto wa namna hiyo anaondolewa shuleni, na hata kanisani watu wanasogea mbali naye kwenye benchi. Twataka kukuambia wazi tangu mwanzo: povu la mtu wa kifafa haliambukizi mtu. Ni mate tu. Mguse, umvute mbali na moto.

Kifafa kinatoka wapi? Kina sababu nyingi. Mtoto aliyekosa pumzi wakati wa kuzaliwa, mtoto aliyeugua malaria kali iliyoingia kichwani, mtu aliyepigwa sana kichwani, wote hao waweza kupata kifafa. Hapa tutasema sababu moja tu, ile inayopita katika zizi la nguruwe, kwa kuwa hiyo waweza kuizuia wewe mwenyewe. Shirika la Afya la Ulimwengu, yaani OMS, linakadiria kwamba mahali ambapo ugonjwa huu wa nguruwe umekaa, wagonjwa wa kifafa karibu 30 katika kila 100 wameupata kwa njia hiyo.

Sikiliza kwanza habari ya mbali. Katika kisiwa cha New Guinea, upande wa magharibi unaotawaliwa na Indonesia, wako watu wa milimani wanaokaa karibu na maziwa ya Paniai. Huko ni baridi sana usiku, nao walikuwa wakilala karibu na moto ndani ya nyumba. Katika miaka ya kwanza baada ya 1970, hospitali ndogo ya Enarotali ilianza kupokea watu wengi walioungua vibaya. Wanganga walishangaa. Moto ulikuwapo siku zote. Mbona sasa watu wanaungua hivi? Walipouliza, walijua kwamba watu hao walishikwa na kifafa usiku, wakaanguka motoni. Tena wengi walikuwa na vivimbe vidogo chini ya ngozi, na wengine walikuwa na tegu tumboni. Kabla ya hapo ugonjwa huo haukujulikana kwao. Mambo yalipofuatiliwa, njia iliwarudisha kwenye nguruwe walioletwa kutoka kisiwa cha Bali, zawadi ya serikali. Zawadi ilikuwa nzuri, na nia ilikuwa njema, lakini ndani ya nyama ya nguruwe hao mlikuwa na mgeni.

Mgeni huyo ni nani? Ni tegu, mnyoo mrefu mweupe, mpana kama utepe. Hukaa ndani ya tumbo la mtu, wala si ndani ya tumbo la nguruwe. Hufika urefu wa meta 2 au 4, hata kupita. Mtu mwenye tegu mara nyingi hasikii maumivu yoyote, naye hufanya kazi yake miaka mingi bila kujua. Lakini vipande vya mnyoo hukatika na kutoka pamoja na choo chake, na kipande kimoja chaweza kuwa na mayai 50,000. Macho hayawezi kuyaona mayai hayo.

Sasa, mtu huyo asiye na choo cha shimo anakwenda vichakani. Nguruwe wanazunguka ovyo, nawe wajua nguruwe anavyopenda uchafu huo. Anakula. Mayai yanaanguliwa tumboni mwake, wadudu wanapita katika damu mpaka nyamani, na baada ya miezi miwili au mitatu wanakuwa vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, kama punje za mchele uliopikwa au za mahindi. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva, kifuko kinafunguka tumboni mwake na kuwa tegu mpya. Hivi duara linazunguka: kutoka mtu mpaka nguruwe, na kutoka nguruwe mpaka mtu.

Na kifafa je? Hapa watu wengi hukosea, kwa hiyo soma polepole. Nyama mbaya huleta tegu tumboni. Lakini kifafa huja kwa kumeza mayai, yale yaliyotoka katika choo cha mtu. Mtu akiyameza, mwili wake hutendewa sawasawa na mwili wa nguruwe: wadudu hupita katika damu, na wengine huingia ndani ya ubongo na kufanya vifuko huko. Mtu huweza kukaa miaka mingi bila dalili, kisha siku moja anaanguka.

Mayai huingia kinywani namna gani? Kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji ya kijito, kwa mboga mbichi zilizomwagiliwa maji machafu. Mtu mwenye tegu akitoka chooni bila kunawa na kupika chakula, anawalisha mayai watu wa nyumba yake, naye mwenyewe pia. Kwa hiyo usiseme, "Mimi sili nguruwe, hayo hayanihusu." Katika mji wa New York, kati ya 1990 na 1991, watu wanne wa jamii ya Wayahudi washikao sana sheria ya dini yao walionekana kuwa na vifuko hivyo kichwani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kula nguruwe. Walipopimwa watumishi wa nyumbani waliotoka inchi zenye ugonjwa huo, mmoja alikuwa na tegu. Ilikuwa shauri la mikono tu.

Turudi katika inchi yetu. Wachunguzi wa magonjwa ya nyama za kufugwa walitaka kujua nguruwe wangapi wa Congo wana vifuko. Walifanya kazi mahali pawili: katika masoko ya Kinshasa, na katika vijiji vya jimbo lililoitwa wakati ule Bas-Congo, ambalo leo ni Kongo Central. Habari zao zilitangazwa mwaka 2010. Walitazama ulimi wa kila nguruwe, kisha wakapima damu yake, maana damu huonyesha alama ya wadudu walio hai hata kama jicho halioni kitu.

Damu ilisema hivi: sokoni, nguruwe karibu 39 katika kila 100 walikuwa na wadudu, vijijini, 41 katika kila 100. Hesabu hizo mbili ni karibu sawa. Lakini ulimi ulisema jambo lingine. Sokoni hawakuona hata nguruwe mmoja mwenye punje ulimini. Vijijini waliwaona, na huko ugonjwa ulikuwa mzito kupita ule wa sokoni.

Kwa nini? Wewe mfugaji umekwisha kujua jibu. Mchuuzi akija kijijini humlaza nguruwe, huweka kijiti kinywani, huvuta ulimi na kupapasa chini yake kwa vidole. Akisikia punje, anamkataa na kwenda zake. Wachunguzi walipouliza-uliza, waliambiwa mambo hayo hayo. Nguruwe mwenye ulimi safi anapanda lori kwenda mjini. Na yule aliyekataliwa? Hatupwi. Anabaki kijijini, na mara nyingi anachinjwa nyumbani, siku ya karamu au ya kilio, na watoto wanagawiwa vipande. Mchuuzi ameokoa mafranka yake, nasi tunakula alichokikataa.

Kuna fundisho la pili katika hesabu hiyo. Wale 39 wa sokoni walikuwa na ulimi safi, lakini damu yao haikuwa safi. Basi mtu akikuambia, "Nimetazama ulimi, nyama hii ni nzuri," usiiamini nusu-mbichi.

Twajua nguruwe ni mali. Ni karo ya shule, ni mahari, ni pesa ya hospitali. Kumwambia mtu azike nguruwe mzima ni neno gumu, nasi hatulisemi kwa wepesi. Lakini nyama iliyojaa punje tele, ichome moto kabisa au izike chini sana, mbwa na nguruwe wengine wasiifukue. Nyama nyingine yote ikate vipande vidogo, uichemshe mpaka ndani kusiwe na wekundu hata kidogo. Moshi hautoshi. Nyama ya kukaushwa juu ya moto huiva nje tu, na ndani wadudu wanaishi.

Afadhali kumlinda nguruwe tangu udogo wake. Mfungie katika zizi lenye ua imara, umletee majani ya viazi, maganda ya mihogo na machicha. Ni kazi, ndiyo, maana nguruwe anayezunguka hujilisha mwenyewe na aliyefungiwa anakungoja wewe. Tena chimba choo chenye mlango, nguruwe asiingie. Ukifunga nguruwe bila kuchimba choo, watoto bado watacheza penye mayai. Munganga wa nyama ana dawa iitwayo oxfendazole inayoua vifuko ndani ya nguruwe. Ukimpa, usimchinje kabla ya siku atakazokuambia. Iko na chanjo pia. Katika jimbo la Tumbes, inchi ya Peru, watu na nguruwe walitibiwa pamoja katika vijiji 107, na nguruwe walipewa chanjo. Habari iliyotangazwa 2016 ilisema kwamba uambukizo ulikatika katika vijiji 105. Lile duara laweza kukatwa.

Na yule mtu anayeanguka kijijini kwako? Akianguka, mwondoe penye moto na maji, mlaze kwa ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa. Usitie kijiko wala kijiti kati ya meno yake, usimnyweshe kitu mpaka ameamka vizuri. Kisha mlete hospitali. Iko dawa ya kumeza kila siku ambayo huzuia kuanguka kwa watu wengi, hata vifuko vikibaki kichwani. Asiache kuimeza kwa ghafula kwa sababu ameona nafuu; akiacha hivyo, huweza kuanguka vibaya kupita zamani.

Neno moja la hatari. Mtu mwenye kifafa, au mwenye vivimbe vidogo chini ya ngozi, asinunue dawa ya minyoo sokoni na kuimeza bila kuonana na munganga. Vifuko vikifa vingi kwa wakati mmoja ndani ya ubongo, ubongo huvimba, na mtu huweza kufa.

Bali mtu akiona katika choo chake vipande vyeupe, bapa, kama vya utepe, asione haya. Avitie katika kopo lenye kifuniko, anawe mikono kwa sabuni, na avilete hospitali asubuhi, yeye na watu wote wanaokula chungu kimoja naye.