Shimo la Choo Lisilojaa Si la Kujisifia

Mafundi wa kuchimba vyoo hapa kwetu Pwani wana sifa moja wanayoipenda sana. Muulize fundi kuhusu kazi yake, atakwambia: "Shimo nililomchimbia fulani lina miaka ishirini na halijajaa hata siku moja." Mwenye nyumba akisikia hivyo hufurahi, maana anajua hatalipia lori la kunyonya uchafu.

Hata mimi nilifurahi, mwaka tulipojenga vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja alichotuachia marehemu baba huku Kisauni. Fundi alichimba mpaka akayakuta maji, akapanda juu akicheka: "Bwana, hapa umepona."

Swali ambalo ningemuuliza siku ile lilinijia miaka kadhaa baadaye. Ikiwa shimo halijai, yanayoingia humo huenda wapi? Kisima chetu kiko hatua kumi na tano kutoka shimo hilo, na cha jirani yetu, upande wa bondeni, hakiko mbali zaidi.

Ndugu msomaji, sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya kubeba maji taka. Kila nyumba ina shimo lake, au tangi lenye shimo la kunyonya pembeni. Na ardhi yetu ni mchanga na jiwe la matumbawe, lile lile walilojengea wazee wetu. Jiwe hilo lina matundu na nyufa, na maji hupita ndani yake upesi. Tunachokimwaga huku ndicho tunachokivuta kwa ndoo kule.

Tumezoea kuogopa vijidudu, na ni haki kuviogopa, kwani kipindupindu tunakijua. Ndiyo maana tunachemsha maji au tunatia dawa. Lakini iko kitu nyingine isiyokufa kwa moto wala kwa dawa, nayo ni naitrojeni.

Naitrojeni hutoka mwilini mwetu, na nyingi yake, kama asilimia 80, hutoka kwenye mkojo. Mtu mzima mmoja hutoa karibu kilo 4 kwa mwaka. Ploti ya wapangaji thelathini hutoa kama kilo 120. Mfuko mmoja wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Basi hesabu mwenyewe: ni kama kuzika mifuko mitano ya mbolea uani kila mwaka, pembeni ya kisima.

Tangi la choo haliiondoi. Kazi ya tangi ni kuacha mazito yatulie chini, na maji yanayotoka upande wa pili hubeba karibu naitrojeni yote. Hata matangi ya kisasa yanayouzwa kwa jina la baiodaijesta, ambayo muuzaji mmoja aliniambia hutoa "maji safi ya kumwagilia", huyeyusha uchafu tu. Naitrojeni hubaki ndani ya maji.

Maji hayo yakipita kwenye mchanga wenye hewa, bakteria huigeuza naitrojeni kuwa naitreti. Naitreti haishikwi na mchanga. Huenda na maji popote yaendapo, kisimani au baharini. Ikifika kwenye hori zetu hulisha mwani, na mwani ukizidi hufunika nyasi za baharini na matumbawe ambako samaki wadogo hukulia.

Kisimani, anayeumia kwanza ni mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yaliyozidi hapo, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo ikawa samawati. Mama akichemsha maji hayo kwa nia njema, mvuke huondoka na naitreti hubaki, tena imekolea zaidi. Anayenyonya kwa mama yake yuko salama kwa hili.

Dawa ipo, na siri yake ni hatua mbili. Kwanza maji taka yapate hewa, bakteria watengeneze naitreti. Kisha yapite mahali palipolowa pasipo na hewa lakini penye chakula cha bakteria wengine, nao huigeuza naitreti kuwa gesi ikarudi angani, isidhuru mtu. Huko Massachusetts na Long Island, Marekani, ambako pwani yao ni ya mchanga na vyoo vya nyumbani vimeharibu hori zao, wamejaribu njia rahisi: mabomba yenye matundu yanalazwa juu juu, chini yake mchanga mtupu wa kama sentimita 45, halafu tabaka jingine la unene huo huo la mchanga uliochanganywa na vumbi la mbao. Zaidi ya nusu ya naitrojeni huondoka. Mchanga tunao, na vumbi la mbao limejaa kwa maseremala.

Sharti ni moja: chini ya matabaka hayo pabaki nafasi kabla ya kufikia maji ya ardhini. Mahali ambapo maji yako karibu, matabaka huinuliwa juu ya ardhi kama tuta. Kabla ya kuanza, mwite afisa wa afya ya umma aone kiwanja na mchoro.

Asiye na uwezo huo leo ana mengine ya kufanya. Usimruhusu fundi achimbe mpaka maji. Maji ya udhu, ya kuoga na ya kufua yasiingie shimo la choo, kwa sababu huusukuma uchafu chini upesi. Yapeleke kwenye migomba. Misikiti yetu inaweza kuanza na hilo, maana maji ya udhu ni mengi. Tangi linyonywe kabla halijashiba tope, na dereva asimwage uchafu horini. Mtoto mchanga asikorogewe maziwa kwa maji ya kisima. Na ukipeleka maji maabara, itaje naitreti kwa jina, kwani kipimo cha vijidudu hakiionyeshi.

Haya hayaiondolei kaunti wajibu wa kuleta mabomba ya maji taka. Lakini tukisubiri mabomba, maji yanaendelea kuteremka.

Sisi nyumbani tumekubaliana kulifukia shimo la zamani na kujenga matabaka, kodi ya vyumba ikituruhusu. Ndugu yangu aliniuliza, pesa zote hizo za nini, na shimo halina tatizo? Nikamwambia shimo letu halina tatizo kwetu. Kwa jirani yetu wa bondeni, kuna mjukuu wa miezi mitatu. Nimekwenda kubisha hodi kwake, nikamweleza nilichokifahamu, na nimeanza kumpelekea maji ya kununua ya maziwa ya yule mtoto. Niliona aibu kidogo. Lakini uchafu ni wetu, na kisima ni chake.