Kulizunguka Ziwa kwa Motokaa

Sisi watu wa Kishapu ni watu wa nchi kavu. Mibuyu, pamba, mtama, ng'ombe, na vumbi la kiangazi, hayo twayajua tangu utoto. Lakini ziwa kubwa lililo kaskazini yetu, ambalo samaki wake twawanunua sokoni Mhunze, wengi wetu twalijua upande mmoja tu, nao ni upande wa Mwanza. Ng'ambo yake twaidhani kuwa mbali mno. Kumbe ziwa hilo laweza kuzungukwa kwa motokaa kwa muda wa siku nane, nawe ukapita katika nchi tatu. Sisi marafiki wanne tumeifanya safari hiyo, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyaona, ili walimu wapate la kuwafundishia watoto jiografia, na watu wa nyumbani wapate la kuzungumza jioni.

Kwanza habari za ziwa lenyewe. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800. Katika Afrika hakuna ziwa lililo kubwa kuliko hili, na katika dunia nzima, kwa maziwa ya maji matamu, linapitwa na moja tu, yaani Superior la Amerika ya Kaskazini. Mwingereza Speke alipoliona karibu na Mwanza mwaka 1858 aliliita Victoria, kwa jina la malkia wake. Lakini wenyeji walikuwa na majina yao tangu kale: Wajaluo huliita Nam Lolwe, Waganda Nalubaale, na sisi twasema Nyanza.

Maandalio, na neno la mwenzetu

Tulikuwa walimu watatu na muuguzi mmoja. Fedha zetu tulizitia katika mfuko mmoja, tukamkabidhi muuguzi, maana yeye ni mama asiyetoa senti bila kuuliza inakwenda wapi. Kila mtu alichukua hati yake ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na motokaa nayo ilikuwa na kadi yake, na bima ya kuendea nchi za jirani. Asiye na vitu hivi asijisumbue kufika mpakani.

Mmoja wetu, mwalimu wa hesabu, alikuwa na neno lake. Dada yake alikuwamo katika meli MV Bukoba, iliyopinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ilipokuwa ikikaribia Mwanza, ikitoka Bukoba na Kemondo. Watu walikufa kwa mamia, na mwili wa dada yake haukutambuliwa. Tangu siku ile mwenzetu hakutia mguu katika chombo chochote cha majini. Hata alipoitwa kusimamia mitihani Sengerema, hakupanda kivuko cha Kigongo. Alizunguka nchi kavu kwa Kahama na Geita, mwendo wa siku nzima.

Safari hii aliipenda kwa kuwa yote ni ya barabara. Lakini mwisho wake palikuwa na shaka. Kati ya Busisi na Kigongo, pale palipokuwa na kivuko, limejengwa daraja la kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, nalo lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Tulimwuliza kama atapita juu yake. Akajibu, "Nitawaambia tukifika Geita. Nawaomba msiniulize kabla." Tukakubali, na neno hilo likafungwa.

Kutoka kwetu mpaka Kisumu

Tulitoka Jumamosi tarehe 28 Juni, kabla ya jua kuchomoza. Hatukupita Mwanza, tulishika njia ya Mwigumbi, Maswa na Bariadi, ambayo siku hizi ni ya lami, tukatokea Lamadi kwenye Ghuba ya Speke. Kuanzia hapo hata karibu na Bunda, ziwa li kushoto na mbuga ya Serengeti i kulia, na pundamilia hula majani karibu na barabara kama mbuzi wa mtu. Mbele yake tulipita njia panda ya Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Tukavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, tukalala Tarime, mahali penye baridi hata tukatafuta mablanketi.

Siku ya pili tukavuka mpaka wa Sirari. Maafisa wa nchi mbili hukaa katika nyumba moja: huyu akupiga mhuri wa kutoka, na yule wa kuingia. Huko Kenya nchi ilibadilika. Kutoka Migori kwenda Kisii barabara hupanda vilimani, na kila kilima kimelimwa mpaka kileleni: ndizi, chai, mahindi. Sisi tuliozoea kuona upeo wa nchi tukiwa tumekaa kitako, tulijiona kama tumeingia ndani ya mkunjo wa nguo ya kijani. Wachongaji wa Kisii huuza vyombo vya jiwe laini litokalo Tabaka, nasi tulinunua kibakuli kimoja kwa shauri refu la mshika mfuko.

Jioni tukafika Kisumu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1901, wakati mji ulipoitwa Port Florence. Tulikula samaki kando ya maji, na hapo ndipo lilipotokea somo ambalo hatukulitazamia. Samaki tumwitaye sangara, wao humwita mbuta. Sato wetu ni ngege wao. Na dagaa ni omena. Tulipofika Uganda tukakuta mputa, na engege, na mukene. Basi samaki ni wale wale, wala hawaujui mpaka; ni sisi tuliowapa majina mengi.

Mto Naili na milima ya Kampala

Karibu na Maseno tulivuka mstari wa Ikweta kwenda kaskazini, na siku mbili baadaye tuliuvuka tena kurudi kusini, pale Kayabwe katika njia ya Masaka. Tukaingia Uganda kwa Busia. Siku hiyo, jua linapotua, gurudumu letu moja lilipasuka, na gurudumu la akiba likaonekana halina upepo. Tulisimama kando ya njia tusijue lugha ya mahali. Akaja kijana wa pikipiki, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Alilitazama gurudumu, akalifunga nyuma ya pikipiki yake, akaenda zake. Tulikaa karibu saa nzima, na mmoja wetu akaanza kusema kwamba gurudumu limekwisha kwenda. Kijana akarudi nalo limezibwa. Alitaka malipo ya fundi tu. Mshika mfuko akamwongezea bila kuuliza neno, nasi tukatazamana, maana jambo hilo halikupata kuonekana.

Kule Jinja maji ya ziwa hutoka kuwa Mto Naili. Speke alipafika mwaka 1862 akakuta maporomoko, lakini siku hizi hayaonekani. Yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la umeme la Owen, lililofunguliwa mwaka 1954. Tulichukuliwa na mashua ndogo kwenda kuona mkondo unapoanza. Mwalimu wa hesabu alibaki ufukoni akilinda viatu vyetu, wala hapana aliyemcheka. Maji yaondokayo hapo hupita Sudani na Misri mpaka bahari ya Mediterania, safari ya maelfu ya kilomita. Mvua inyeshayo na kuingia ziwani, yaweza basi kunywesha shamba la mtu wa Misri.

Tukaupita msitu wa Mabira, wenye miti mirefu na giza la mchana, tukaingia Kampala. Juu ya kilima cha Namirembe tuliliona kaburi la Alexander Mackay. Huyu alikuwa fundi hasa: mwaka 1877 alisimamia kazi ya kukata njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Alikufa mwaka 1890 huko Usambiro, upande wetu wa kusini wa ziwa, na mifupa yake ikahamishiwa Kampala mwaka 1927. Tena tulikwenda Namugongo, walipochomwa moto mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni 1886, Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wa wanafunzi wetu. Tulikaa kimya hapo muda mrefu.

Bukoba na Kemondo

Kutoka Masaka mpaka Mutukula ni mabwawa ya mafunjo na ng'ombe wa pembe ndefu. Tulipoingia tena katika nchi yetu tukafika Kyaka, kwenye Mto Kagera, ambako majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja mwaka 1978. Daraja la leo linapitisha malori ya Uganda na ya Tanzania mchana kutwa.

Bukoba tulikaribishwa na mwalimu mwenzetu. Kwa desturi ya Wahaya tulipewa kwanza buni za kutafuna, ndipo ndizi na samaki. Tulikaa siku moja, tukipumzika na kufua.

Asubuhi yake, kilomita chache kusini mwa mji, mwalimu wa hesabu akaomba tusimame Kemondo. Hakutuambia sababu, nasi hatukuwa na haja ya kuuliza. Aliteremka peke yake mpaka bandarini. Alikaa kama nusu saa akitazama watu wakipakia ndizi. Aliporudi alisema, "Ni mahali pazuri. Miaka yote hii nilidhani ni pabaya." Hakusema zaidi mpaka Geita.

Geita ni nchi ya dhahabu, kama kwetu Mwadui palivyo pa almasi tangu Williamson alipoivumbua mwaka 1940. Usiku ule hakuna aliyelala mapema. Njia zilikuwa mbili: ya Kahama, isiyo na maji, na ya daraja. Dereva wetu alisema waziwazi kwamba yeye ataridhika na yoyote. Tulipomaliza chai ya asubuhi, mwalimu wa hesabu akasema, "Twende kwa Busisi. Lakini uende polepole, na dirisha langu liwe wazi."

Tulilipanda daraja saa nne. Maji yalikuwa tulivu, na mitumbwi ilionekana chini kama maganda ya karanga. Mwenzetu alishika mlango kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulishikwa na mama muuguzi. Hakufumba macho. Mahali ambapo zamani watu walingoja kivuko saa nyingi, sisi tulipita kwa dakika chache. Tulipofika upande wa Kigongo alisema, "Basi?" kana kwamba ametazamia urefu zaidi. Kisha akalia, nasi tukamwacha alie.

Kutoka Usagara hatukuelekea nyumbani mara moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tupite Igoma, walipozikwa wengi wa waliokufa katika MV Bukoba. Hakupata kufika huko hata siku moja. Aling'oa majani mawili matatu yaliyoota kando ya kaburi lisilo na jina, akafuta mikono, akasema twaweza kwenda. Jioni tukafika Kishapu.

Kwa atakayetufuata

Wasomaji wapenzi, mwenye kutaka safari hii na ashike mambo machache. Fedha ziwe katika mfuko mmoja, na mshika mfuko awe mmoja. Usiendeshe usiku, wala usitoke kabla ya kulitazama gurudumu la akiba. Jifunze salamu ya kila mahali kabla hujauliza njia. Na mwenzako akikuomba usimwulize neno mpaka wakati wake, usimwulize. Motokaa yaweza kuazimwa, na njia yaweza kuonyeshwa na mgeni yeyote. Basi uchague wenzako kwanza.