Saa Moja ya Kunyonyesha

Mama mwajiriwa wa Rusizi, ile Cyangugu ya zamani, ana haki kisheria ya saa moja ya kunyonyesha kila siku ya kazi. Kwa karani wa Kamembe aishiye jirani na ofisi yake, saa hiyo yatosha. Kwa mwenzake akaaye nyuma ya vilima, yote huishia njiani. Huyo ahitaji chumba cha watoto papo hapo kazini. Mwaka 2023 likizo ya uzazi ilirefushwa kutoka majuma 12 hadi 14, na hilo ni jema. Lakini mchuuzi avukaye mto Ruzizi kwenda kuuza mboga Bukavu hana mwajiri wa kumdai likizo. Asipovuka, jioni chungu hakipikwi. Akivuka, pengine mtoto huachiwa dada yake, ambaye saa hizo angalikuwa darasani.