SUNGURA ALIYEVAA SARE YA POLISI

Sungura wa hadithi za bibi zetu twamjua sote. Ni mdogo wa umbo na mkubwa wa hila. Humlaghai fisi, humtumbukiza simba kisimani, kisha huenda zake akicheka. Lakini sungura tunayetaka kumzungumzia leo si mlaghai. Ni askari polisi, tena mwanamke, mwenye beji kifuani na kiapo moyoni, na hila zote ameachiwa mbweha.

Sungura huyo aitwa Judy Hopps, naye ndiye shujaa wa Zootopia, sinema ya katuni iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Walt Disney na kutolewa mwaka 2016. Waongozaji wake ni Byron Howard na Rich Moore, na muda wake ni dakika 108. Mwaka 2017 ilitunukiwa Oscar ya sinema bora ya katuni, na mapato yake duniani yalipita dola milioni 1,000. Sehemu yake ya pili ilitolewa mwaka 2025.

Yamkini ndugu msomaji atauliza: askari mzima, mwenye silaha na familia, ana shughuli gani na vikatuni vya watoto? Nasi tulikuwa na swali hilo hilo tulipoketi jioni moja katika bwalo la kambi, tumezungukwa na watoto wenye karanga mikononi. Mwanzoni watoto walicheka, nasi tukacheka kwa kuwa wao wanacheka. Baadaye tuliona jambo. Watoto walikuwa wangali wakitafuna karanga zao, lakini koplo mmoja aliyeketi mbele yetu alikuwa ameacha kutafuna. Sinema ilikuwa imeanza kuzungumza naye.

Kuruti asiyetakiwa

Zootopia ni jina la mji mkubwa ambamo wanyama wa kila aina, wala nyama kwa wala majani, wanaishi pamoja kama raia, wakivaa nguo na kwenda kazini. Judy ni binti wa wakulima wa karoti. Tangu utotoni alitamani kuwa polisi, ingawa hapajapata kuwapo polisi sungura. Katika chuo cha mafunzo huanguka mara kwa mara, hudhihakiwa na mkufunzi wake, kisha huhitimu akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Anapofika kituoni hapewi upelelezi. Mkuu wa kituo ni nyati aitwaye Bogo, jina ambalo kwa asemaye Kiswahili halihitaji kufasiriwa. Bogo anampeleka barabarani kuandika hati za faini kwa magari yaliyoegeshwa vibaya, na kumwamuru aandike hati 100 kwa siku. Judy anaandika 200 kabla ya adhuhuri. Nani kati yetu hakupata kupewa zamu ya namna hiyo, ambayo hakuna aitakaye, akajiapiza kuifanya vyema kuliko alivyoagizwa?

Mjini humo wamepotea wanyama 14. Judy anajitolea kumtafuta mmoja wao, fisi maji mwenye mke na watoto, na Bogo anampa saa 48, akishindwa, ajiuzulu. Humo ndimo anamolazimika kushirikiana na Nick Wilde, mbweha mjanja aishiye kwa biashara za ulaghai mitaani. Upelelezi wao ni wa kweli kabisa: picha moja, namba ya gari, shahidi mmoja, kisha kamera za barabarani. Wanapokwenda kuulizia namba hiyo ya gari wanakuta ofisi ambayo makarani wake wote ni wanyama wazito kupita kiasi, ambao neno moja huwachukua muda mrefu kulitamka. Hapo ndipo watu wazima bwaloni walipocheka kuliko watoto.

Kosa la ulimi

Hatimaye wanyama waliopotea wanapatikana, lakini wamegeuka wakali, wamesahau usemi na adabu. Judy anasimamishwa mbele ya waandishi wa habari. Anaulizwa kwa nini waliogeuka wote ni wala nyama. Hana ushahidi wa sababu yoyote. Hata hivyo anajibu kwamba huenda jambo hilo limo katika maumbile yao.

Hakusema kwa chuki. Alikuwa amechoka, amefurahi, na ametamani kuwa na jibu. Lakini dhana ya mtu wa kawaida ni dhana tu, ilhali dhana ya mtu aliyevaa sare huwa tamko la serikali. Baada ya muda mfupi mama mmoja ndani ya treni anamvuta mwanawe karibu kwa sababu abiria aliyeketi kando yao ni mla nyama. Duma mnene, mchangamfu, aliyekuwa akiwapokea raia pale kituoni, anaondolewa mlangoni na kupelekwa kwenye majalada, ili wanaoingia wasimwone. Hakuna kosa alilotenda.

Mbweha Nick, aliyehatarisha maisha yake katika upelelezi huo, anamwuliza Judy kama naye anamwogopa, kisha anajifanya kutaka kumrukia. Mkono wa Judy unakwenda kwenye kopo la dawa ya kufukuzia mbweha lililo kiunoni mwake. Mkono ulitangulia akili. Hapo ndipo koplo wetu alipoacha kutafuna.

Wahenga walisema kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Huenda msemo huo wawafaa wauza samaki. Kwa askari ni hatari kubwa. Mtuhumiwa ni mtu mmoja, mwenye jina lake na tendo lake. Ukoo wake, kabila lake au mtaa alikozaliwa si ushahidi. Tena sinema hii yaonyesha jambo ambalo watu wazima hulitambua upesi kuliko watoto: kila hofu inapoenea, huwapo mtu anayenufaika nayo. Hatutamtaja hapa, tusije tukawaharibia utamu wale ambao hawajaitazama.

Beji na radhi

Judy anapoona madhara ya neno lake anairudisha beji na kwenda kwao kuuza karoti. Lakini kule shambani anasikia habari inayomfumbua macho, naye anarudi mjini. Mlango wa kwanza anaouendea si wa mkuu wake. Anamwendea yule mbweha chini ya daraja, na kukiri kwamba alikuwa mjinga na kwamba aliyoyasema yaliwaumiza wengi. Hatoi udhuru.

Kuna wanaoamini kwamba askari akimwomba raia radhi, cheo chake kimeshuka. Sinema hii yaonyesha kinyume chake, wala si kwa mahubiri: bila radhi ile, kesi isingalitatuliwa, kwa maana aliyekuwa na msaada uliohitajiwa ni yule yule aliyeumizwa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini aliyekwisha kujikwaa ulimi hana dawa nyingine ila ulimi huo huo.

Inafaa kujua kwamba hadithi haikuanza hivyo. Watengenezaji, ambao walisafiri hadi Kenya kuwatazama wanyama katika mbuga, kwa muda mrefu walimfanya mbweha kuwa shujaa, katika mji ambamo wala nyama walivishwa kola za kuwapiga shoti ya umeme. Mwaka 2014 waliyabadili hayo, wakamtanguliza sungura. Kwa badiliko hilo, tunautazama mji kwa macho ya mwema ashukuye wengine bila kujua kwamba anawashuku. Twaona hiyo ndiyo siri ya sinema hii kuwagusa wakubwa: wengi wetu tumo katika kundi la Judy.

Hata hivyo, mfano huu una upungufu. Simba na kondoo wana uadui wa asili, wanadamu hawana. Hakuna kabila lililoumbwa kuwa la wala watu na jingine kuwa la kuliwa. Mzazi aitazamaye pamoja na mwanawe hana budi kumweleza hilo.

Taa za bwalo zilipowashwa, mtoto wa yule koplo alimvuta shati akauliza, "Baba, mbweha wote ni wabaya?"

Koplo alifikiri kidogo, akaokota kofia yake. "Sijui, mwanangu," akajibu. "Mimi nimemwona mmoja tu."