Nyonga ya Chuma Ikianza Kuuma Tena

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani, nyonga iliyokwisha kupasuliwa ikiuma upya, msinyamaze. Tangu 1962, munganga John Charnley wa Uingereza alipoweka nyonga ya chuma na plastiki, watu wengi wametembea nayo zaidi ya miaka 15. Hata hivyo inaweza kuteguka, kulegea ndani ya mfupa, au kuingiwa na mikrobi.

Kuteguka huja hasa miezi ya kwanza. Hapa Bukavu hatari iko nyumbani: kigoda kifupi kando ya mbabula, choo cha kuchuchumaa, mteremko wa Kadutu wakati wa mvua. Mpeni mgonjwa kiti kirefu. Chooni wekeni kiti chenye tundu.

Mikrobi ndiyo mbaya zaidi. Kidonda hutoa maji au usaha, homa hupanda, maumivu hayalali hata usiku. Wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki, na hapo hujifunga wenyewe: dawa huficha mikrobi, munganga akichota maji ya nyonga huenda asione kitu. Kwanza hospitali! (Nanyi mnaokanda kwa mafuta ya moto, acheni.) Akiwahi siku za kwanza, pengine kuoshwa nyonga kutatosha. Akichelewa, mara nyingi chuma hutolewa, huwekwa sementi yenye dawa kwa majuma kadhaa, kisha hupasuliwa tena kupewa nyonga mpya.

Aliyepasuliwa mara nyingi hudhoofika misuli; asione haya kushika fimbo. Kapita naye asimrudishe shimoni bila barua ya munganga.