Maporomoko Yanayokausha Nyumba

Mtu anayetaka nyumba yake ikauke haanzi kwa kumwaga maji ukutani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland walifanya hivyo hasa mwaka 2011, tena hadharani, katika mashindano ya nyumba za jua, Solar Decathlon, kwenye bustani ya West Potomac jijini Washington. Ndani ya nyumba yao ndogo waliyoiita WaterShed, kimiminika kiling'aa kikitiririka kama yale maporomoko ya mapambo kwenye kumbi za hoteli. Mgeni mwenye haraka angedhani ni urembo. Kumbe ndicho kilichokuwa kikifyonza unyevu wa nyumba.

Siri ni chumvi. Si ile ya kuungia mchuzi, bali nduguye mwenye kiu kali zaidi: kloridi ya lithiamu, iliyokolezwa ndani ya maji.

Mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji maabara kulielewa jambo hili. Masika yakiingia, chumvi kwenye kikopo hulowa na kushikamana, na watu hutia punje za mchele ili imwagike vizuri. Chumvi ya mezani huanza kuvuta maji unyevu wa hewa unapopita asilimia 75. Chini ya hapo hutulia. Kloridi ya kalsiamu haisubiri kiasi hicho, huanza kunywa kwenye asilimia 30 hivi. Kloridi ya lithiamu ndiyo haina adabu: hata hewa yenye unyevu wa asilimia 12, kavu ya kupasua midomo, bado huinyang'anya maji. Basi iwekee mbele hewa ya Washington ya mwezi Julai, jiji lililojengwa mito Potomac na Anacostia inapokutana, ambako fukuto la mchana linamfanya mtu wa Tanga ajihisi yuko kwao. Ni karamu.

Ukimuuliza fundi wa viyoyozi maporomoko hayo ya nini ilhali mashine zimejaa madukani, atakwambia kwamba kiyoyozi kina kazi mbili na mkono mmoja. Kupoza hewa ni kazi moja, kuikausha ni nyingine. Mashine haijui kukausha ila kwa kupoza: hewa hupitishwa kwenye mabomba ya baridi, mvuke hugeuka maji, maji hupita kwenye mpira na kudondoka kwenye ndoo nje ya dirisha. Ndoo hiyo atakuonyesha kwa kidole, maana maji yake si ya bure. Mvuke unapogeuka lita moja ya maji huachia joto la kilojuli 2,400 hivi, zaidi ya mara saba ya joto linalohitajika kuchemsha lita ya maji ya bomba hadi itokote. Mashine hulibeba joto hilo lote, na mwenye nyumba hulilipia.

Atakwambia pia kuhusu siku za mawingu, ambazo joto si kali lakini hewa ni nzito. Mashine hufikisha nyuzi ilizowekewa mapema, kisha huzima. Chumba hubaki baridi na chepechepe kama pango. Mteja hushusha nyuzi zaidi, na ndivyo watu wanavyovaa sweta ndani ya nyumba katikati ya kiangazi.

WaterShed ilizitenganisha kazi hizo mbili. Maporomoko yalikausha, mashine ikabaki na kazi ya kupoza tu. Chumvi ikishashiba unyevu hupashwa moto, kama nyuzi 50 hadi 80 za Selsiasi, mvuke ukatolewa nje nayo ikarudi na kiu yake. Joto la kiasi hicho hata jua juu ya paa hulitoa. Ila mvuke ukimezwa na chumvi, joto lake halipotei. Linabaki ndani ya kimiminika, ambacho lazima nacho kipozwe. Kwa hiyo anayesema chumvi inapoza nyumba, anatia chumvi. Inachofanya ni kuipunguzia mashine mzigo.

Hawakubahatisha. Mwaka 2007, katika mashindano yaleyale, chuo hicho kilileta nyumba ya LEAFHouse yenye mfumo wa namna hiyo kikashika nafasi ya pili, nyuma ya Wajerumani wa Darmstadt. Mwaka 2011 zilishindana timu 19. Maryland ikatoka ya kwanza kwa pointi 951.151.

   

Lakini mtajie fundi chumvi ya kloridi, sura itabadilika. Atauliza kutu nani ataipangusa. Chumvi hii hula chuma, hivyo njia zake zote zinataka plastiki au madini ghali. Tone likirushwa na feni na kutua kwenye vyuma vya nyumba, ni hasara. Kisha kuna pampu za kutunza, na lithiamu yenyewe inagombaniwa na watengeneza betri za magari. Hoja hizo zina uzito. Je, zinatosha kueleza kwa nini kompresa bado zinanguruma kila mtaa wa Washington? Na Dar es Salaam, yenye jua na unyevu wa kugawa, mbona ukuta kama ule hauzungumzwi hata kwenye michoro ya maghorofa mapya?

Nyumba iliyoshinda haikubomolewa. Ilihamishiwa Rockville, Maryland, iwe darasa la wazi la matumizi mazuri ya nishati. Aliyeinunua ni Pepco, kampuni inayosambaza umeme wa viyoyozi vya Washington.